Swala Hatoi Salamu

Mjukuu wangu Munir alinijia juzi na upinde wa magurudumu. Nasema kweli, magurudumu, moja juu na moja chini, na nyuzi zimepita huku na huku kama mtambo wa kisima. Akaniambia, "Babu, huu ukishauvuta nusu, unajivuta wenyewe." N'kamwuliza, na wewe porini unakwenda kufanya nini, kuushika mkono usipotee?

Yeye na wenziwe wa Khuwair ya Kusini wanajitayarisha kwenda Afrika ya Kusini, kwenye mashamba makubwa ya wanyama, huko ambako mtu hupewa ruhusa akawinda kwa upinde. Wanakwenda mwanzo wa msimu, jua kali na vichaka vimefungana. Wameshanunua nguo za rangi ya majani, hema, viatu, na kidude cha kupimia masafa. Wakaja kwangu kutaka mawaidha kwa sababu wamesikia kuwa kabla sijawa mlinzi wa wanyama nilikuwa mwindaji. N'kawaambia kaeni chini, kunyweni kahawa, zimeni simu. Na nyie wengine mnaosoma haya, kaeni vilevile. Ila neno moja kwanza. Hapa kwetu Maskati swala hawawindwi tena, na mie utumishi wangu nimeumaliza kwa kuwakamata wanaowawinda. Atakayetoka hapa akaenda Al Khoudh na upinde, asije akasema kafundishwa na mimi.

Nilifika Maskati mwaka ule wa sitini na nne, pamoja na wengi waliotoka Unguja. Sababu wazee wenu wamekwisha kukuhadithieni, au wamekataa kukuhadithieni, yote mamoja. Mie nilizaliwa Unguja lakini nimekulia Tabora kwa mjomba wangu, na huko ndiko nilikojifunza upinde. Majirani zetu walipaka sumu kwenye chembe za mishale. Mjomba hakutaka kabisa. "Nyama iliyokufa kwa sumu mie siili," akisema, "piga kwa chembe kali, sema Bismillahi unapoachia, na kama huwezi kufika karibu, rudi nyumbani ule maharage." Basi tulikula sana maharage.

Maskati nilipokelewa na Bwana Saleh, mfanyabiashara wa Matrah, jamaa wa mbali wa baba. Nyumba yake ilikuwa kubwa na wageni hawakatiki, na jiko lake lilitaka nyama ya porini. Mwindaji wa nyumba alikuwapo tayari, Ami Hamdun. Ujanani alikaa Pemba, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi, hasa matusi. Alikuwa na bunduki ndefu iliyomzidi umri, na chumba chake mwenyewe uani, na kila mtu pale nyumbani alimheshimu kama alivyoheshimiwa mwenye nyumba. Lakini msimu uliopita alileta nyama kidogo, na Bwana Saleh, kwa adabu, akasema, "Hamdun, huyu Khalfan atakusaidia kubeba." Ami Hamdun akanitazama kwa kukunja macho. Mie nikadhani ananidharau.

Kwa nini upinde, Munir aliniuliza. Kwa sababu bunduki kwa mgeni aliyefika jana halikuwa jambo la kuomba. Upinde hakuna aliyeuuliza, maana hakuna aliyedhani unaweza kuua kitu. Pale Matrah mtu wa upinde aliyejulikana alikuwa mmoja tu, mpiga pamba. Huyo ndiye anayekuja kwako akafumua godoro kuukuu, akaichambua pamba kwa uzi wa upinde, duum, duum, mpaka ikaumuka kama andazi. Siku ya kwanza niliyotoka na upinde wangu begani, mama mmoja aliniita kutoka mlangoni kwa Kiarabu. Mie Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha msikitini tu. Nikamgeukia Ami Hamdun, "Anasema nini?"

"Anasema karibu, amesikia khabari zako."

Nikaingia nimevimba kifua. Nikakuta magodoro yamerundikwa mpaka kwenye dari, na yule mama ananionyesha mkeka wa kukalia. Ami Hamdun alikuwa nje ameegemea ukuta, mabega yanamtikisika. Basi khabari hiyo ilienea, na kwa muda mrefu watoto wa mtaa walikuwa wakinipita wakisema duum, duum.

Sasa matayarisho. Nyie mnadhani matayarisho ni dukani. Upinde wangu wa pili niliuchonga hapahapa, kwa mti wa mzeituni wa mlimani, mti mgumu na mzuri, lakini joto la Maskati halina mchezo na mti. Ukiuacha juani unakauka na kupasuka. Uzi wa upinde, tunauita upote, asubuhi umekaza, adhuhuri umelegea kama mkanda wa mgonjwa. Gundi ya manyoya ya mshale inayeyuka, unavuta mshale na manyoya yanabaki kwenye vidole. Kwa hiyo nilijifunza kuyafunga manyoya kwa uzi, na kuupaka upinde mafuta. Mafuta gani? Hapo ndipo nilipofanya busara yangu. Nikaona mabaharia wanapaka majahazi yao sifa, mafuta ya papa, na majahazi hayapasuki. Nikasema, kilichofaa jahazi kitafaa upinde. Nikaupaka vizuri, nikalala nao chumbani. Asubuhi Ami Hamdun alifungua mlango, akaufunga. "Khalfan," akasema kutoka nje, "tunakwenda kuwinda swala au kuvua?"

Nilihamia mafuta ya ufuta, lakini hilo papa halikutoka mpaka nilipochonga upinde mwingine.

Mazoezi nilifanya Al Khuwair. Ndiyo, Al Khuwair hiyohiyo mnakogombania kivuli cha kuegesha gari. Wakati ule palikuwa jangwa la kokoto na migunga, na mbuzi wa watu. Nilijaza gunia makumbi ya nazi, nikalitundika mtini, nikalipiga asubuhi na jioni. Lakini nilikuwa nimesimama, kama askari kwenye gwaride. Ami Hamdun alikuja akakaa kivulini, akanisikiliza. Nasema akanisikiliza kwa sababu sasa najua ndivyo ilivyokuwa. Mshale ukigonga gunia una mlio wake, ukikosa una mlio mwingine.

"Huyo swala wako ni mwema sana," akasema. "Anakusubiri usimame."

"Nipige vipi basi?"

"Kaa. Kaa kama unakula. Halafu piga bila ya kuinua makalio. Ukiweza, jifunze kupiga ukiwa umegeukia kushoto na swala yuko kulia, maana swala hajui upande unaoupenda wewe."

Nikakaa. Mshale wa kwanza niliopiga kwa kukaa uliingia kwenye mchanga mbele ya magoti yangu. Munir, na wewe ukaushike upinde wako wa magurudumu, ukae chini ya mti wa miba, upige huku tawi limekushika kofia. Ukiweza hivyo, nenda. Usipoweza, kaa nyumbani na gunia lako.

Mwalimu wangu wa tatu alikuwa Bi Shamsa. Huyu alikuwa mama wa kibedui, mjane, anafuga mbuzi kwenye bonde la Al Khoudh, hapo palipojaa sasa majumba na wanafunzi. Ilikuwa safari ya punda, na maji tukachukua kwenye kiriba. Bi Shamsa alijua kila swala wa bonde lile kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake, nani mwoga, nani mkaidi, nani anakula wapi. Kiswahili hajui hata neno. Mie Kiarabu chake cha kibedui nikikisikia kama mawe yanayoporomoka. Kwa hiyo mfasiri alikuwa Ami Hamdun, na hapo wenyewe mnaweza kukisia.

Siku ya kwanza tuliyofika kwake, mke wangu, niliyekuwa nimemwoa punde tu, alikuwa amenifukizia kanzu kwa udi, maana kwake yeye mtu hasafiri bila ya kufukizwa. Bi Shamsa alitunusa kwa mbali. Akasema kitu kimoja kifupi.

"Anasemaje?"

"Anasema uvue kanzu, uvae shuka, ukalale na mbuzi zizini, na ujisugue mgongo kwenye mabeberu."

Nikafanya. Wallahi nilifanya. Baadaye nilipojifunza Kiarabu nilimwuliza mwenyewe Bi Shamsa, akacheka mpaka akashika ubavu. Yeye alisema tu, "Mwanao ananukia harusi." Hata hivyo sikujuta, kwa sababu swala wa Al Khoudh wamezoea harufu ya mbuzi. Mchezo wa Ami Hamdun ulinifaa kuliko mawaidha ya watu wengi.

Bi Shamsa ndiye aliyetufundisha upepo. Asubuhi unashuka kutoka majabalini kwenda baharini. Jua likipanda unageuka, unatoka baharini kwenda majabalini. Baina yake kuna muda mdogo hauna upepo kabisa, na huo ndio muda wa kuhama, si wa kulala. Alichukua jivu, akaliachia kwenye vidole, akatuonyesha linavyokwenda. Alitufundisha kuchimba mchanga chini ya mti mpaka ufike penye ubaridi ndipo ukae, kukata mapema vijiti vitakavyoukwamisha mshale, na kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, maana nge naye anatafuta kivuli. Na maji, unywe kabla hujaona kiu. Mtu anayengoja kiu kwenye joto lile ni kama anayengoja nyumba iungue ndipo achimbe kisima. Mie nilijifanya Mnyamwezi wa kuvumilia, nikaweka maji yangu "ya baadaye". Mtasikia sasa hivi baadaye ilivyokuja.

Ilikuwa nyota ya Suheli imekwisha kuonekana, na wazee wakasema joto limevunjika. Lilivunjika wapi sijui, kwa sababu mie sikuliona likivunjika. Watu wamerudi mjini kutoka kwenye mitende, na Bwana Saleh ana karamu, mwanawe wa kwanza wa kike amejifungua. Akatuita. "Nataka swala. Yeyote kati yenu."

Ami Hamdun akasema, "Utampata," na njia nzima hakunitania hata mara moja. Hapo ilinipasa kujua kuwa kuna jambo.

Tulipofika Al Khoudh, Bi Shamsa akanipa shuka zito la singa za mbuzi, alilolifuma mwenyewe, rangi ya kahawia iliyopauka. Mtu akilivaa chini ya mgunga, huwezi kumtofautisha na ardhi. Kisha akamgeukia Ami Hamdun akasema maneno mengi, kwa ukali, huku akininyooshea kidole mie, halafu anamnyooshea kidole yeye.

"Anasemaje?"

"Anasema ulifue kabla ya kulirudisha."

Nikaona maneno yametoka gunia zima, tafsiri imekuja kibaba. Lakini nilikuwa mgeni, na mtu mzima amesema.

Alfajiri, baada ya sala, tukagawana. Mie nikakaa kwenye kichaka cha migunga, uso kwenye majabali. Ami Hamdun akakaa chini kidogo, nyuma yangu, kwenye jiwe kubwa, na tukakubaliana hatoki mpaka nimfuate. Nikajifunika shuka. Jua likapanda. Jasho likaniingia machoni, nzi wakanifanya mkahawa, na mie sikutikisika. Maji "ya baadaye" nilikuwa nimeyaacha kwenye punda. Ulimi ukawa kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa juu ya paa.

Siku ile upepo uligeuka mapema. Ami Hamdun akauhisi kabla yangu, na mwindaji mwenye upepo mgongoni ni mtu aliyepiga hodi. Akahama. Hakuja kuniambia kwa sababu hakutaka kufanya kelele. Akazunguka kwa mbali, akatokea upande wa juu, mbele yangu, baina yangu na majabali. Mie nikamwona anakuja taratibu baina ya vichaka, nikafurahi, nikasema moyoni ameniletea maji. Nikainua kichwa kidogo kumtazama.

Akasimama. Akapiga goti. Akainua bunduki, na mdomo wake ukanielekea mie.

Nilitazama nyuma yangu kwanza. Ndiyo, cheka, Munir. Nilidhani kuna swala nyuma yangu. Hapakuwa na kitu. Nikageuka tena, naye ameshaegemeza shavu kwenye bunduki. Nikataka kupiga ukelele, "Ami, ni mie!" Sauti haikutoka. Koo limekauka, ulimi umegandana na kaakaa. Nikataka kusimama, nikakumbuka kuwa swala akishtuka ndipo mwindaji anapofyatua. Nikaona kidole chake kinaingia mahali pake. Midomo yake ikatikisika, nikajua anasema Bismillahi.

Sijui kilichonijia kimetoka wapi. Kooni kwangu maneno yote yalikataa, isipokuwa yale ambayo mtu anayasema tangu hajajua kusema. Yakatoka kwa sauti ya kukwaruza, kama mlango wa stoo:

"Asalaam alaykum!"

Na Ami Hamdun, bunduki ingali begani, shavu lingali kwenye mti wake, akajibu, "Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi…"

Bunduki ikateremka polepole mpaka mdomo wake ukagusa mchanga.

"Khalfan?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuona. Nikasema, "Naam, Ami."

Alikaa chini palepale. Nikamwendea huku nimelivua shuka, upinde mkononi. Akanipa kiriba chake, nikanywa, naye ananitazama kwa kukunja macho vilevile kama siku ya kwanza. Hapo tena nikatambua kuwa hakuwa akinidharau.

"Nilikuona una pembe," akasema.

"Huoni tangu lini?"

"Naona. Naona ukungu, na ndani ya ukungu mna vitu." Akajifuta uso. "Msimu uliopita Shamsa ndiye aliyekuwa macho yangu. Ananiambia kulia, juu, sasa. Kama mtu anayemwongoza mwenziwe kutia uzi kwenye sindano. Mwaka huu kakataa. Jana alisema nikuambie usilivae shuka lile bunduki ikiwa karibu, kwa sababu mie sioni."

"Na wewe ukaniambia nilifue."

"Ningekuambia nini? Yule ana chumba kwa sababu anawinda. Akiwa hawindi, ni mzee tu anayekula cha watu." Akajizungumzia kama anamzungumzia mtu mwingine. Kisha akaongeza, "Ningekuua, mwanangu. Ningekuua, halafu ningekuchinja, kisha ndiyo nikajua."

Nyie vijana, mie si mtu wa kulia. Nilitaka kucheka, nikakuta ninalia, na yeye vilevile. Wanaume wawili chini ya mgunga, mmoja ananuka mbuzi. Nikamwambia, "Ami, mie sikuona kitu. Tumekosa tu, tunarudi nyumbani."

Aliinua kidole. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mwindaji.

"Nyuma yako," akanong'ona. "Chini ya ule mkunazi. Wawili. Wanakula kunazi, sikiliza meno."

Sikusikia kitu. Nikageuka kidogokidogo, vilevile nilivyokaa, na kweli, baina ya matawi, nikamwona dume mmoja mzuri, shingo imeinama, na jike nyuma yake. Nimekaa vibaya, mguu mmoja umekunjwa, nimegeukia upande nisioupenda, na tawi liko juu ya sikio. Namna ileile aliyonifundisha pale Al Khuwair. Nikavuta, Bismillahi, nikaachia. Dume akaruka mara moja, akakimbia kidogo, akalala. Ami Hamdun alikuwa amefika kabla yangu kwa kufuata mlio, kisu mkononi, akamkuta angali na uhai, akamchinja halali.

Nyama kwenye joto lile haikungoji umalize furaha. Tukamchuna palepale, tukamtundika kivulini upepo umpitie, tukamfunika kitambaa chenye majimaji ili nzi wasimguse, tukafika Matrah nyama ingali nzuri. Munir, hicho kidude chako cha masafa hakichuni.

Kwenye karamu, wanaume wamekaa barazani, sinia zimeletwa, Bwana Saleh akasema kwa furaha, "Nani kati yenu aliyempata?"

Mie nikafungua kinywa kusema Ami Hamdun. Nilikuwa nimeshaitayarisha hadithi yote. Lakini yeye akanitangulia.

"Huyu alimpata kwa upinde wake wa magodoro," akasema. "Mie nilikuwa nimepata mkubwa kuliko huyo. Nimemlenga vizuri kabisa, pembe, masikio, yote. Nataka kufyatua, swala akanitolea salamu."

Watu wakacheka. Naye akaendelea, anaigiza sauti yangu ya mlango wa stoo, anaigiza alivyojibu rahmatullahi na bunduki begani, na watu wanamwaga kahawa. "Nikasema, miaka yote hii nimewinda, swala hatoi salamu. Ama dunia imekwisha, ama macho yangu yamekwisha. Nikatazama, dunia ipo."

Kicheko kikapungua, kimoja kimoja, mpaka kikaisha. Bwana Saleh aliweka tonge lake siniani. Baraza nzima ikamtazama yule mzee, na yeye akiendelea kula, mkono unatafuta nyama kwa kupapasa.

"Hamdun," akasema Bwana Saleh, "chumba ni chako mpaka utakapotoka umebebwa. Bunduki nitaitundika ukutani kwangu. Na macho tutayapeleka hospitali."

"Jicho langu si kitunguu cha kukatwa," akasema Ami Hamdun.

Ilituchukua mpaka baridi ilipoingia kumshawishi. Bi Shamsa alimpelekea samli na ujumbe ambao safari hii niliufasiri mwenyewe: kuwa mbuzi wake mmoja alikuwa na ukungu kama huo machoni na hakuna aliyemdhania ni sheikh kwa kuwa haoni tu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akamkata jicho moja, baadaye la pili. Yalipofunguliwa akavishwa miwani mizito kama vitako vya chupa, inayokuza kila kitu. Mie nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Khalfan," akasema, "hiki kichwa ulikuwa nacho siku zote?"

"Naam, Ami."

"Subhanallah. Na mie nilikaribia kukikosa."

Nyota ya Suheli ilipotokea tena, Bwana Saleh akataka nyama, na Ami Hamdun akasema naye anakwenda, bila ya bunduki, ili anisikilizie. Tulipofika Al Khoudh akawatazama mbuzi wa Bi Shamsa mmoja mmoja. "Wamekonda," akamwambia.

"Wako hivyo tangu zamani," akajibu Bi Shamsa. "Sema sasa unaona."

Asubuhi tukakaa pamoja, bega kwa bega, upepo usoni. Hatukungoja sana. Dume alitoka kwenye migunga akaja mpaka karibu, karibu kuliko wote niliopata kuwaona. Jua linampiga ubavuni, nywele zake moja moja zinang'ara, masikio yanapepea nzi. Nilikuwa nimekaa vizuri. Nikavuta upinde mpaka shavuni.

Mkono wa Ami Hamdun ukanigusa kiwiko.

"Ngoja," akanong'ona. "Ngoja kwanza. Nimtazame."

Nikangoja. Mikono ikaanza kuuma. Nikamtupia jicho, nikaona amevua miwani, ameifuta kwa ncha ya kilemba, ameivaa tena, na mdomo uko wazi kama wa mtoto. Alikuwa amewaua swala wengi maishani mwake, na miaka ya mwisho hakumwona hata mmoja. Nikateremsha upinde taratibu. Yule dume alikula alichotaka, akajikuna sikio kwa kwato, akapita zake kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na sie tukamfuata kwa macho mpaka akaingia kwenye bonde.

Tulirudi Matrah punda hana mzigo. Bwana Saleh alikuwa mlangoni.

"Vipi, mmempata?"

"Tumempata," akasema Ami Hamdun, anateremka kwenye punda. "Dume, mnono, sijapata kuona mfano wake."

Bwana Saleh akatazama mgongo wa punda, akatazama mikono yetu. "Nyama iko wapi?"

"Iko Al Khoudh," akasema mzee, "inakula kunazi."